Kelele za Jirani: Mwenye Nyumba Naye Ana Kesi ya Kujibu

Ugomvi wa kelele husimuliwa kama ugomvi wa watu wawili. Yupo wa juu anayeburuta viti usiku, na yupo wa chini aliyekosa usingizi. Au yupo wa chumba cha pili mwenye spika, na yupo wa chumba hiki anayeamka alfajiri kwenda kazini. Msikilizaji anaambiwa mmoja hana adabu na mwingine hana uvumilivu, achague upande. Mimi naona katika hesabu hiyo kuna mtu ameachwa. Kati ya wapangaji hao kuna sakafu, na sakafu ina mwenyewe. Ndiye aliyeijenga au kuinunua, ndiye anayepokea kodi ya juu na ya chini, na ni yeye peke yake aliye na mkataba na pande zote mbili. Ugomvi ukipamba moto, haonekani. Akipatikana kwa simu, atasema nyie ni watu wazima, elewaneni.

Sisemi kwamba wapangaji wakorofi hawapo. Wapo, na nitawafikia. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tunamhukumu mtu kabla hatujaikagua nyumba, na tukishamhukumu mtu ni vigumu kurudi nyuma.

Mwaka 1999 kesi ya namna hii ilifika mbele ya majaji wa Baraza la Malordi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Wapangaji wa nyumba za halmashauri ya Southwark, London, walilalamika kwamba wanasikia karibu kila kinachofanyika kwa majirani zao. Hakuna aliyedai kwamba majirani wale ni watu wa fujo. Walikuwa wanaishi tu, kama mtu yeyote anavyoishi nyumbani kwake. Tatizo lilikuwa jengo, ambalo kuta na sakafu zake hazikujengwa kwa ajili ya kuzuia sauti. Wapangaji walishindwa. Majaji walisema kifungu cha mkataba kinachomhakikishia mpangaji utulivu hakimlazimishi mwenye nyumba kuiboresha nyumba kuliko ilivyokuwa siku ya kukabidhiana, na kwamba maisha ya kawaida ya jirani hayageuki kuwa kosa kwa sababu tu ukuta ni mwembamba.

Kisheria hukumu ile inaeleweka. Lakini tazama ilipowaacha wale watu: kelele ni za kweli, mateso ni ya kweli, na mkosaji hayupo. Ndiyo maana nadhani kabla ya yote inafaa kutenganisha kelele za kuishi na kelele za kujitakia. Za kuishi ni nyayo, maji ya choo, kikohozi, mtoto anayelia usiku, mlango wa kabati, mtu anayerudi kutoka zamu ya usiku na kuvua viatu. Za kujitakia ni muziki wa usiku wa manane, sherehe isiyo na mwisho, kutoboa ukuta wakati wenzako wamelala. Katikati zimo zinazobishaniwa: mbwa anayeachwa peke yake kutwa, mazoezi ya ala ya muziki, mashine ya kufulia inayowashwa saa sita usiku. Mwenye kelele za kujitakia anaweza kuambiwa aache. Mwenye kelele za kuishi hawezi kuambiwa aache kuishi. Kinachoweza kubadilika ni nyumba, au mpangilio wa vitu ndani ya nyumba. Mabaya mengi huanza pale mtu anapomwendea jirani mwenye kelele za kuishi kwa maneno yanayomfaa jirani mwenye kelele za kujitakia.

Sauti yenyewe inavyosafiri ni jambo ambalo wapangaji wachache huambiwa, ingawa lingewaokolea ugomvi mwingi. Kuna sauti inayopita hewani kwanza, kama mazungumzo, televisheni na muziki, kisha inautikisa ukuta, na ukuta unaitikisa hewa ya upande wa pili. Na kuna sauti inayozaliwa ndani ya jengo lenyewe: kisigino kinachogonga sakafu, kiti kinachoburutwa, mlango unaobamizwa. Hii ya pili huingia moja kwa moja kwenye zege au mbao na inaweza kutokea vyumba viwili mbele, kiasi kwamba anayelaumiwa siyo anayepiga kelele. Mtu wa chini huapa kwamba ni wa juu yake, kumbe ni wa pembeni ya huyo.

Dawa zake nazo ni tofauti. Zulia nene lililotandikwa juu ya mpira au sponji nzito hupunguza sana mshindo wa nyayo, lakini kwa sauti ya mazungumzo halifanyi kitu cha maana. Sauti ya hewani huzuiwa na uzito. Ukiufanya ukuta kuwa mzito mara mbili, unapata nafuu ya kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikio la kawaida huhitaji desibeli 10 hivi ili lihisi kwamba sauti imepungua kwa nusu. Kwa hiyo hata ukuta wa uzito maradufu haupunguzi kelele hadi nusu, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini zile sponji nyepesi na trei za mayai ambazo watu hugundisha ukutani hazizuii kitu. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba chako mwenyewe, basi. Kinachosahaulika ni nyufa. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ukiwa umejengwa kwa mawe. Uwazi chini ya mlango, tundu lililopitisha bomba, dirisha lisilofunga vizuri: hivyo ndivyo vya kuanza navyo, na kuviziba ni kazi nyepesi.

Halafu kuna besi. Mawimbi marefu ya sauti nzito hupenya ukuta ambao sauti nyembamba zimekwamia. Mwenye spika anasikia wimbo mzima, na kwake si mkubwa hata kidogo, anaongea na mgeni wake bila kupaza sauti. Jirani hasikii wimbo. Anasikia dum, dum, dum, bila maneno wala melodi, saa mbili mfululizo. Mmoja anaposema «mbona nimeweka sauti ndogo» anasema kweli, na mwingine anaposema «kitanda changu kinatikisika» naye anasema kweli. Hapa kuna suluhisho ambalo halihitaji mtu kuzima muziki wake: spika itolewe sakafuni na isiegemee ukuta wa pamoja, iwekwe juu ya kitu kinachomeza mtikisiko, na besi peke yake ipunguzwe. Nimeona watu wakigombana miezi mingi juu ya kitufe kimoja.

Ila kupima desibeli peke yake hakumalizi jambo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kwamba chumbani mwa mtu aliyelala wastani wa kelele usizidi desibeli 30, na mshindo mmoja mmoja usizidi 45. Ni viwango vizuri vya kumwekea mjenzi. Lakini mtu huweza kulala fofofo penye mvua inayopiga bati kwa nguvu kuliko hapo, kisha akaamshwa na mlio mdogo wa simu ya jirani na asilale tena. Tofauti ni nini?

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walilichunguza hilo katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1972. Waliwafanyisha watu kazi wakiwa wamezungukwa na kelele zinazokuja bila mpangilio. Baadhi yao waliambiwa kwamba kuna kitufe: wakizidiwa wabonyeze, kelele zitazima, ingawa ingependeza wasikibonyeze. Wengi hawakukigusa. Kelele walizozisikia zilikuwa zilezile walizosikia wenzao wasio na kitufe. Lakini kelele zilipokwisha na wote wakapewa kazi nyingine, ikiwamo kusahihisha maandishi na mafumbo yasiyo na jibu, wale waliojua kwamba wana kitufe walifanya vizuri zaidi na walivumilia zaidi kabla ya kukata tamaa. Kilichowachosha wenzao hakikuwa sauti tu. Kilikuwa kutojua itakuja lini, na kutokuwa na la kufanya ikija.

Nikiulizwa jambo moja la kukumbuka katika suala zima hili, ningechagua hilo la kitufe. Linaeleza kwa nini jirani anayebisha hodi siku mbili kabla na kusema «Jumamosi tuna shughuli, tutamaliza saa sita usiku, namba yangu ni hii» husamehewa sherehe ambayo kwa mwingine ingeita polisi. Hajapunguza desibeli hata moja. Amewapa majirani saa ya mwisho na namba ya kupiga. Linaeleza pia kwa nini mtu akishaanza kumsikiliza jirani hawezi kuacha: anakaa kitandani akisubiri kishindo cha pili cha kiatu, na ukimya wenyewe unakuwa sehemu ya mateso. Atakuambia wamefanya kelele usiku kucha. Ukipima, ni dakika kumi. Usimwite mwongo. Usiku kucha alikuwa akingoja.

Na linatuambia namna ya kulalamika. Anayekwenda mlangoni saa nane usiku akiwa na hasira hajaenda kutafuta suluhu, ameenda kutafuta ushindi, na hata akiupata hautadumu hadi wiki ijayo. Aende mchana. Asiseme «kila siku mnatusumbua», kwa sababu neno «kila siku» humpa mwenziwe nafasi ya kuthibitisha kwamba juzi hakuwapo. Aseme kitu kimoja na saa yake: viti vya mezani, baada ya saa nne usiku. Amkaribishe jirani ashuke asikie mwenyewe huku mtu mwingine akitembea juu. Hatua hii ya mwisho ina nguvu kuliko maneno yote, na karibu hakuna anayeichukua. Mtu wa juu hajawahi kusikia nyumba yake kutoka chini. Anajihesabu kuwa mtu mtulivu, na kwa masikio yake yeye ni mtulivu kweli. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu; hapa lakini si ukatili, ni kwamba ukuta umemficha mkuki.

Kugonga ukuta kwa ufagio kunaburudisha roho kwa sekunde tatu. Mwaka 1893 mahakama moja ya London iliamua kesi ya Christie dhidi ya Davey, majirani waliotenganishwa na ukuta mmoja. Upande mmoja kulikuwa na familia ya wapenda muziki, mama akifundisha wanafunzi nyumbani. Upande wa pili kulikuwa na bwana aliyechoshwa na masomo hayo. Akaandika barua ya kejeli, kisha akaanza kulipiza: muziki ukianza, naye anagonga ukuta, anapiga masinia, anapuliza filimbi, anapaza sauti. Jaji alimzuia nani? Alimzuia mlipizaji. Masomo ya muziki, alisema, ni matumizi halali ya nyumba. Kelele za makusudi za kumkomoa jirani si halali. Aliyeanza kwa kulalamika akaishia na amri ya mahakama juu ya kichwa chake.

Mwanafalsafa Arthur Schopenhauer, ambaye hakuna aliyezichukia kelele kama yeye, yalimpata makubwa zaidi. Mwaka 1821, akiwa mpangaji Berlin, alimtoa kwa nguvu mama mshonaji aliyekuwa akizungumza na wenzake nje ya mlango wake, mama akaanguka. Kesi ilizunguka kwa miaka, na mwisho akaamriwa kumlipa mama yule posho maisha yake yote. Mama naye hakuwa na haraka ya kufa.

Sasa turudi kwa mwenye nyumba, maana hapo ndipo penye uzito.

Kuna aina mbili za wenye nyumba wabovu katika jambo hili. Wa kwanza ni yule wa «elewaneni». Huyu akipelekewa lalamiko, anatuma ujumbe kwenye kundi la wapangaji wote: «Ndugu wapangaji, tunaombwa kupunguza kelele.» Watu kumi na tisa wasio na kosa wanajiuliza kama wanasemwa wao, na yule mmoja anayesemwa hajiulizi. Wa pili ni mkali. Huyu akipokea malalamiko mawili anatoa notisi ya kuhama, bila kusikiliza upande wa pili, na mara nyingine anayepewa notisi ni mlalamikaji mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayemsumbua kwa simu. Wote wawili wana tabia moja: hawajapanda ngazi kwenda kusikiliza.

Kazi anayopaswa kuifanya si kubwa. Asimame ndani ya chumba cha mlalamikaji, mtu atembee juu, mlango ufungwe, spika iwashwe kwa sauti ya kawaida. Nusu saa inatosha kumwonyesha kama ana mpangaji mkorofi au ana sakafu mbovu. Akikuta ni sakafu, zulia na mpira wake ni juu yake, kwa sababu mpangaji ataondoka na sakafu itabaki kuwa mali ya mwenye nyumba. Najua wenye nyumba watakataa hoja hii, na hukumu ya Southwark iko upande wao. Lakini kuwa na haki ya kutofanya kitu hakukifanyi kitu hicho kuwa busara. Ujerumani sheria imeelekea upande mwingine: kifungu cha 536 cha sheria yao ya kiraia kinaruhusu kodi ipungue nyumba inapokuwa na kasoro inayoathiri matumizi yake, na kelele nyingi kupita kiasi zinaweza kuhesabiwa kuwa kasoro. Mwenye nyumba anapoona kodi inapungua, ghafla anakumbuka njia ya ngazi.

Kwamba kurekebisha jengo kunafanya kazi kuliko kuhubiri uvumilivu, mfano ninaoupenda hautoki kwenye nyumba ya kupanga bali shuleni. Katika jiji la New York kulikuwa na shule ya msingi iliyojengwa karibu mno na reli ya juu. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walionyesha kwamba watoto wa madarasa ya upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma wakilinganishwa na wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile. Baadaye reli iliwekewa mipira na dari za madarasa zikawekewa vizuia sauti. Uchunguzi wa 1981 haukuiona tena tofauti ile. Hakuna aliyewaambia watoto wajifunze kuzoea treni.

Kuhusu yule mwenye nyumba wa pili, mkali wa notisi, kuna funzo chungu kutoka Milwaukee, Marekani. Jiji lile lilikuwa na utaratibu wa kuwaandikia barua wenye nyumba ambazo polisi huitwa mara nyingi, likiwataka wakomeshe kero hiyo la sivyo watatozwa gharama. Wanasosholojia Matthew Desmond na Nicol Valdez walichapisha uchambuzi wao mwaka 2013: karibu theluthi moja ya barua zile zilitokana na vipigo vya majumbani. Na wengi wa wenye nyumba walioandikiwa waliitikia kwa kumfukuza mpangaji au kumtishia kumfukuza. Yaani mwanamke anapiga simu kuomba msaada, na simu hiyo inahesabiwa kuwa kero. Kwa hiyo anayepokea lalamiko la «wale wanapigana kila usiku» asianze na kifungu cha mkataba. Aanze kwa kuuliza ni nani anayelia. Jirani naye vivyo hivyo: sauti ya mtu anayeumizwa siyo suala la upangaji, ni suala la kuita msaada usiku huohuo.

Watoto ni jambo jingine linalohitaji kutengwa. Mtoto wa miaka miwili hana saa za utulivu kichwani, na mzazi wake hana kitufe cha kuzima. Ujerumani iliamua mwaka 2011, kwa kurekebisha sheria yake ya mazingira, kwamba sauti za watoto kutoka vituo vya kulelea na viwanja vya michezo, kwa kawaida, zisihesabiwe kuwa madhara kwa mazingira. Naafiki. Hiyo haimaanishi mpira upigwe ukutani saa tano usiku. Mzazi anaweza kuombwa kuhamishia mchezo wa kuruka kwenye chumba kisicho juu ya kitanda cha mtu. Kumwomba amnyamazishe mtoto mchanga, hapana.

Lipo pia lile dai la «mimi nilikuwa hapa kwanza». Lina ladha ya haki, lakini mahakama hazilipendi sana. Mwaka 1879, katika kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman, mtengeneza peremende wa London alikuwa ametwanga kwa vinu vyake vikubwa kwa zaidi ya miaka 20 mahali palepale bila mtu kulalamika. Jirani yake, daktari, akajenga chumba cha kupokelea wagonjwa mwishoni mwa bustani, kikagusana na jiko lile. Sasa hasikii chochote anapopima mapafu ya watu. Daktari alishinda, ingawa yeye ndiye aliyekuja baadaye. Ronald Coase, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1991, aliichambua kesi hiyo katika makala yake mashuhuri ya 1960. Hoja yake ilikuwa kwamba madhara yana pande mbili: bila vinu daktari asingesumbuka, na bila chumba cha daktari vinu visingemsumbua mtu. Kwa hiyo tuulize ni mpango gani unaogharimu kidogo kwa wote, na kama kukaa mezani ni rahisi, wenyewe wataupata. Ni hoja safi. Kasoro yake kwa majirani wa ghorofa ni hapo kwenye kukaa mezani. Baada ya miezi mitatu ya kugongeana kuta, hakuna meza. Ndiyo sababu nyingine ya mwenye nyumba kuingia mapema, kabla watu hawajaacha kusalimiana.

Mkataba unaosema «mpangaji asifanye kelele zisizo na kiasi» haumsaidii mtu, kwa sababu kila mmoja ana kiasi chake. Mkataba mzuri hutaja saa za utulivu. Hutaja mashine za kufulia na vifaa vya ujenzi, hutaja sakafu isiyo na zulia, hutaja kwamba sherehe itangazwe siku kadhaa kabla, na hutaja hatua zitakazofuata: onyo la maandishi kwa mhusika, kikao, onyo la pili, kisha notisi kwa mujibu wa sheria. Nchi nyingi zimeshaweka saa zao, na mkataba unaweza kuzifuata tu. Ujerumani saa za utulivu wa usiku huhesabiwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Uingereza, sheria ya kelele ya mwaka 1996 inazungumzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, na inaruhusu vifaa vinavyotoa kelele kuchukuliwa.

Na sasa mkorofi wa kweli. Ameambiwa kwa upole, ameonyeshwa, ameandikiwa, na bado saa saba usiku spika inanguruma, tena akijua. Kwa huyu sina falsafa. Anayesumbuliwa aweke daftari: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokwisha, ni sauti ya nini, nani mwingine alisikia. Programu za simu za kupima desibeli hazina usahihi wa kutegemewa mahakamani, lakini hufaa kuonyesha mpangilio wa saa. Kurekodi muziki unaopenya ukuta ni sawa. Kurekodi mazungumzo ya watu ndani ya nyumba yao ni kujitafutia kesi nyingine. Malalamiko ya wapangaji watatu waliotia saini barua moja husikika kuliko barua kumi za mtu mmoja. Nakala iende kwa mwenye nyumba, na asipojibu, kwa mamlaka ya eneo husika. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mazingira ya 1990 inailazimisha halmashauri kuchukua hatua za kuchunguza lalamiko, na ikithibitisha kero hutoa amri ambayo kuikiuka ni kosa la jinai. Mwenye nyumba asiyetaka kufika huko ana mkataba mkononi. Autumie wote, kwa mpangilio wake, bila kumwonea haya mpangaji anayelipa kodi mapema.

Maana hapo ndipo hesabu za wenye nyumba wengi zinapokwama: yule mwenye spika analipa tarehe moja, kwa nini nimguse? Lakini wapangaji watulivu huondoka kimyakimya. Aliyechoka kukosa usingizi anangoja mkataba uishe, anarudisha funguo, na akiulizwa sababu anasema amepata nyumba karibu na kazini. Anayeingia baada yake haambiwi lolote kuhusu chumba cha juu, naye baada ya muda anapata nyumba karibu na kazini. Kila wanaohama wanapohama, wanaobaki ni wale wasiojali kelele na wale wasio na uwezo wa kuhama, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini jengo lake linajulikana kwa ugomvi. Akitaka kuujua ukweli, amuulize anayeondoka baada ya kumrudishia amana yake, si kabla. Kabla ya hapo hakuna mpangaji atakayemlaumu mtu aliyeshika fedha zake.